Ini baada ya upasuaji wa moyo wa mtoto: maswali tunayoulizana kwenye benchi la kliniki, Mwanza

Binti yangu alifanyiwa upasuaji wake wa mwisho wa moyo akiwa na miaka 4. Sasa yuko sekondari, Ilemela, na kwa miaka yote hiyo nimekaa benchi moja na wazazi wa Ukerewe, Sengerema, Magu na Geita tukisubiri kuitwa. Swali ni lilelile kila msimu: mtoto alikuwa na moyo, mbona daktari anabonyeza ini? Mimi ni mama, si daktari. Haya ni majibu niliyoyapata kwa kuuliza na kuuliza tena, na hayachukui nafasi ya daktari anayelijua faili la mwanao.

## Mwanzo

1. Ugonjwa ulikuwa wa moyo. Ini limeingiaje?

Damu yote inayotoka kwenye ini humwagika katika mshipa mkubwa unaopanda kutoka tumboni kwenda upande wa kulia wa moyo. Kutoka ini hadi moyo ni sentimita chache tu. Moyo wa kawaida huipokea damu hiyo upesi, na presha ndani ya mshipa hubaki ndogo, kama milimita 2 hadi 8 za zebaki.

Mtoto aliyezaliwa na ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu) moja tu inayofaa hana pampu ya pili. Upasuaji uitwao Fontan huiachia ventrikali hiyo moja kazi ya kusukuma damu mwilini, kisha damu inayorudi huunganishwa moja kwa moja na mishipa ya mapafu. Hakuna kinachoisukuma. Inapita mapafuni kwa presha yake yenyewe, kwa hiyo presha hiyo lazima iwe juu: mara nyingi 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi, usiku na mchana, maisha yote.

Sisi wa vilima vya Mwanza hili tunalielewa upesi. Ukitaka maji yapande hadi nyumba iliyoko juu ya mawe bila pampu, presha ya bomba lazima iwe kubwa kule chini, na anayeumia ni jirani wa chini ambaye viungio vya bomba lake vinavuja kila mwezi. Ini ndiye jirani huyo. Mpasuaji hakukosea na mama hakukosea. Upasuaji uleule uliomwokoa mtoto ndio unaolilemea ini.

2. Je, kila mtoto aliyepasuliwa moyo yuko hatarini?

Hapana. Aliyekuwa na tundu likazibwa vizuri, na presha ya mapafu ikabaki salama, kwa kawaida ini lake halina neno. Waliorekebishwa tatizo la Fallot, yaani kasoro ya kuzaliwa yenye tundu moyoni na njia ya mapafuni iliyobana, wako katikati: miaka ikipita, vali ya kwenda mapafuni inaweza kuvuja sana, upande wa kulia ukatanuka na damu ikaanza kurudi nyuma hadi kwenye ini. Wenye Fontan ndio wanaopaswa kufuatiliwa wote, bila kumwacha hata mmoja. Kuanzia hapa nazungumza zaidi juu yao.

3. Nitajuaje kama mwanangu alifanyiwa Fontan?

Soma karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Tafuta neno Fontan au herufi TCPC. Ukikuta Glenn peke yake, ni hatua ya kabla yake: damu ya kichwa na mikono imeshaunganishwa na mapafu, lakini ile ya tumboni, pamoja na ya ini, bado inaingia kwenye moyo. Hatua ya Fontan kwa kawaida hufanyika kati ya miaka 2 na 5, ingawa kwetu wengi huchelewa kwa sababu ugonjwa wenyewe uligunduliwa kwa kuchelewa.

Jina ni la Francis Fontan, daktari wa Bordeaux, Ufaransa, aliyeuchapisha upasuaji huo mwaka 1971. Ndiyo maana habari za ini zilichelewa kujulikana. Ilibidi watoto wa kwanza wakue.

Familia nyingi za hapa walifanyiwa India, au Israel, au Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kazi mwaka 2015. Popote ilipokuwa, toa nakala za karatasi zote na uzipige picha kwenye simu. Nimeona faili limelowa kwenye mtumbwi, na miaka minne ya vipimo ikaondoka nalo.

4. Siku chache baada ya upasuaji macho yalikuwa ya njano. Ndiyo haya?

Mara nyingi siyo. Kama moyo ulidhoofika kwa muda wakati wa upasuaji au mara baada yake, ini hukosa damu ya kutosha na vimeng'enya vyake vinavyopimwa kwenye damu, ALT na AST, vinaweza kupaa hadi maelfu ndani ya siku 1 hadi 3. Moyo ukirudisha nguvu, navyo hushuka katika siku 7 hadi 10 hivi. Umanjano pia huweza kuletwa na chembe nyekundu zilizovunjika kwenye mashine au na dawa. Hilo ni tatizo la wodini na wenyewe hulimaliza. Ninaloeleza hapa huja polepole, kimya, baada ya miaka.

## Ini linavyoumia, na jinsi ya kulichungulia

5. Ndani ya ini kunatokea nini?

Damu inajaa nyuma, vijishipa vinatanuka, seli zilizo karibu na njia ya kutokea zinabanwa na kukosa hewa ya kutosha. Mwili unaziba majeraha hayo kwa makovu. Miaka 10 baada ya Fontan karibu kila mtu ana kovu fulani, kubwa au dogo. Kwa baadhi makovu huungana na kuwa sirosisi: ini linakuwa gumu, lenye vinundu. Hapo ndipo hufuata maji tumboni, bandama kuvimba, na mishipa ya koo la chakula kutuna hadi kupasuka.

6. Mtoto anacheza mpira na vipimo vya damu ni vya kawaida. Nipoteze nauli ya nini?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Katika kituo kimoja cha afya niliambiwa hivyohivyo, kwamba ALT na AST ni nzuri, rudi akiumwa. Niliondoka nikiwa na furaha. Mwaka uliofuata ultrasaundi ilionyesha ini lenye kingo za mawimbi.

ALT na AST hupanda pale seli za ini zinapokufa kwa wingi, kama kwenye homa ya ini. Ini la Fontan haliungui namna hiyo, linapata makovu taratibu, na seli zilizobaki zinafanya kazi ya wenzao. Kimeng'enya kinachopanda mapema zaidi ni GGT, na chenyewe hakisemi kovu ni kubwa kiasi gani. Cha kutazama ni mwendo wa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mwaka hadi mwaka. Zikishuka kila mwaka, huenda bandama imeanza kuzishikilia. Kwa hiyo majibu ya leo peke yake hayatoshi. Yaweke kando ya ya mwaka jana na mwaka juzi. Kuwa na nguvu uwanjani ni habari njema ya moyo. Ini lenyewe halina neva za maumivu ndani yake, na linaweza kuharibika sana kabla mtoto hajasema "tumbo".

7. Vipimo gani, na kila baada ya muda gani?

Daktari wako ndiye apange, lakini utaratibu unaofuatwa na wengi ni huu: damu na ultrasaundi ya ini mara moja kwa mwaka kwa aliyefika ujana, zaidi sana baada ya miaka 10 tangu Fontan, kila miezi 6 kama sirosisi imeshaonekana. Kwenye damu omba ini lote (ALT, AST, GGT, bilirubini, albumini), picha kamili ya damu kwa ajili ya chembe sahani, na AFP, alama ya damu inayoweza kupanda penye saratani ya ini. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ifanyike pia, kwa sababu iliyo kwenye swali la 19.

Hospitali ya Bugando ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa. Ukitoka mbali, panga damu, ultrasaundi na eko ziwe safari moja. Omba hilo mapema, kwa maneno mengi na tabasamu.

8. Kipimo cha ugumu wa ini kimesoma juu sana. Tayari ni sirosisi?

Si lazima. Mashine ile hupima ini lilivyo gumu, na ini lililojaa damu ni gumu kama mpira uliojazwa upepo, hata kama makovu ni machache. Viwango vilivyowekwa kwa wagonjwa wa homa ya ini havimfai mtu wa Fontan. Faida yake ni kulinganisha: mashine ileile, mtoto akiwa hajala kwa saa kadhaa, mwaka baada ya mwaka.

9. Je, lazima wanyofoe kipande cha ini?

Mara chache. Kovu la Fontan halisambai sawasawa, sindano inaweza kuchukua sehemu nzuri ikaacha mbaya, na wengi wa watoto wetu wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

10. Wamesema kuna vinundu. Ni saratani?

Vinundu vingi kwa watu wa Fontan si saratani; ni ini likijaribu kukua pale linapopata damu ya ateri. Lakini saratani ya ini ipo, kwa kawaida baada ya zaidi ya miaka 10 tangu Fontan, na imewahi kupatikana hata kwa walio chini ya miaka 20. Kinundu kipya, kinachokua, au kilichoandamana na AFP inayopanda, kinahitaji CT au MRI yenye dawa ya kuonyesha mishipa. AFP ya kawaida haikati shauri, kwa kuwa saratani inaweza kuwapo nayo ikawa chini.

## Mambo ya kwetu ziwani

11. Kichocho kinahusiana vipi?

Kinahusiana sana, na hapa ndipo maandishi ya Ulaya na Marekani hayatusaidii, kwa sababu wao hawaogi ziwani.

Ini lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kwa mbele huingia mshipa unaoleta damu ya utumbo, ambao ndio unaolipatia ini damu yake nyingi. Kwa nyuma hutoka mishipa inayokwenda moyoni. Fontan hubana mlango wa nyuma. Kichocho cha tumbo, ambacho kimejaa pwani za Ziwa Victoria, hubana wa mbele: minyoo hukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yake husombwa hadi ini na kunasa humo, na kovu hujengeka kuzunguka njia ya kuingilia. Bandama huvimba, mishipa ya koo hutuna, mtu hutapika damu. Mtoto mwenye yote mawili amebanwa huku na huku. Chembe sahani zake zikishuka, daktari asiyeuliza kuhusu ziwa ataulaumu moyo peke yake.

Kwa hiyo sema mwenyewe: mtoto huyu amekulia Igombe, au Ukara, anachota maji ziwani. Omba kipimo cha choo, au kile cha mkojo kinachotafuta alama ya minyoo. Mtaalamu mzoefu wa ultrasaundi anaweza kutofautisha kovu la kichocho na la Fontan. Mwanza hatuna uhaba wa wanaokijua kichocho. Kituo cha hapa cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kimekifanyia utafiti kwa miaka mingi.

12. Dawa ya kichocho ya shuleni, ameze au asimeze?

Mtoto wa Fontan ndiye anayeihitaji kuliko wenzake. Prazikwanteli hutolewa kwa uzito, au kwa ule ubao wa kupimia urefu, na humezwa baada ya kula. Waambie walimu kwamba ana tatizo la moyo na anatumia dawa gani. Kama ana maji tumboni, sirosisi iliyokomaa au mapigo yanayoruka, amezee hospitali.

Dawa huua minyoo iliyokwisha komaa na haiwekei kinga. Akirudi majini Jumamosi, anaanza upya. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi kuanzia katikati ya asubuhi hadi mchana, saa zilezile watoto wanapoogelea. Maji ya ziwa ya kuogea yachemshe, au yachote bila konokono na uyaache yatulie siku 2.

13. Na homa ya ini B?

Chanjo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, au asiye na kadi, apimwe. Kama hana virusi, achanjwe dozi 3. Mwenye virusi na Fontan kwa pamoja anahitaji daktari wa ini.

14. Ugali na karanga zinaingiaje kwenye habari ya moyo?

Kupitia sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Huchochea saratani ya ini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Usinunue mahindi yaliyoanikwa chini yakanyeshewa. Chambua karanga, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi. Kupika hakuiondoi. Na zile mbovu usimpe kuku ukamla baadaye ukidhani umepona.

15. Mganga ametupa mizizi ya kusafisha ini. Kuna ubaya?

Upo. Ini halisafishwi kwa mizizi. Lenyewe ndilo linalosafisha, na kila kinachochemshwa kwenye sufuria kinapitia humo. Baadhi ya mimea huliumiza moja kwa moja, mingine huvuruga warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Simdharau mtu, bibi yangu alikuwa na dawa zake na tulizinywa. Lakini kwa mtoto huyu, hapana. Kama ameshakunywa, mwambie daktari bila kuficha; hatakufukuza.

16. Kijana akinywa bia moja?

Bora asinywe kabisa. Gongo ndiyo isiulizwe.

## Dawa na chakula

17. Homa ikipanda, Panadol ni salama?

Kwa kipimo sahihi, ndiyo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, si zaidi ya mara 4 kwa siku, na uangalie kama dawa ya mafua uliyonunua nayo haina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo za kuepuka, kwa sababu ya figo na kutokwa damu. Homa yenyewe ikapimwe malaria, isikisiwe. Kama anatumia amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, sema kabla ya kupewa mseto wa malaria, kwa kuwa zote mbili hugusa mapigo ya moyo. Amiodaroni pia huweza kuumiza ini, hivyo ina vipimo vyake.

18. Yuko kwenye warfarini. Vipi mboga, na vipi dawa za dukani?

Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, inayoipunguza nguvu warfarini. Usimnyime. Mpe kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kisiyumbe. Hatari iko kwenye kula matembele kila siku msimu wa mvua na kuyaacha kabisa kiangazi.

Dukani ndiko kunakoniogopesha. Tumbo likiuma, muuzaji anakupa Flagyl. Kikohozi, anakupa Septrin. Zote mbili huipandisha INR kwa nguvu. Binti yangu alipewa Flagyl kwenye duka moja la mtaani, na siku ya nne fizi zilianza kutoa damu akipiga mswaki. Kosa langu ni kwamba sikutaja warfarini. Sasa jina la dawa limeandikwa kwenye kadi iliyo ndani ya mfuko wa sare yake. Jambo moja zaidi: kwa anayetumia warfarini, INR haiwezi kutumika kupima nguvu ya ini.

Chumvi: kama kuna uvimbe, kayabo (samaki wa chumvi) ikae mbali. Sato au sangara mbichi, na dagaa waliokaushwa bila chumvi, ni protini nzuri na ya bei yetu.

## Dalili na hali zisizo za kawaida

19. Vipimo vya ini vimeharibika ghafla mwaka huu. Tutibu ini?

Kwanza uangaliwe moyo. Ini likibadilika haraka, mara nyingi kuna kitu kwenye njia ya damu: mrija wa Fontan umebana, donge la damu, vali inavuja, mapigo yamepoteza mpangilio. Vingine vinatibika kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, au kwa dawa, na presha ikishuka ini hupumua. Usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya ini kabla eko haijafanyika.

20. Miguu imevimba, tumbo limejaa na anaharisha. Ni ini?

Huenda, lakini kwa wenye Fontan kuna tatizo jingine linalofanana: utumbo kupoteza protini. Presha ileile ya swali la 1 hufanya protini ivujie utumboni. Albumini hushuka, mwili huvimba, kinga hulegea. Kutofautisha kunahitaji vipimo vya choo na damu, na tiba zake si zilezile. Usisubiri tarehe ya kliniki.

21. Lini niende usiku huohuo?

Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami. Akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida. Macho yakiwa ya njano pamoja na homa. Tumbo lililojaa maji likianza kuuma. Mapigo yakienda mbio bila kukoma. Wakazi wa visiwani, muwe na namba ya mwenye boti anayekubali kuondoka usiku. Kivuko hakisubiri mtu.

22. Binti amekua. Uzazi wa mpango na mimba?

Vidonge vyenye istrojeni havimfai, vinaongeza hatari ya damu kuganda. Kijiti kwa kawaida kinafaa zaidi, kwa ushauri wa daktari wake. Mimba si marufuku kwa wote, ila ina hatari kubwa, mimba kuharibika ni jambo la mara nyingi, na warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni katika miezi ya mwanzo. Azungumze na kliniki kabla. Nililiona zito kumwambia binti wa miaka 15. Dada muuguzi alinisaidia, akamaliza kwa dakika tano.

23. Je, kupandikiza?

Nchi kama Marekani huwapandikizia baadhi ya wagonjwa hawa moyo, au moyo na ini kwa pamoja. Kwa familia nyingi za hapa hiyo si njia iliyo mezani leo, na ndiyo sababu nimekaa sana kwenye kichocho, chanjo na sumukuvu. Presha ya Fontan hatuwezi kuiondoa. Mizigo mingine juu ya ini hilohilo tunaweza.

24. Kijana ana miaka 19, amechoka kliniki, anataka kwenda kambi ya dagaa. Tumwache?

Ni mtu mzima, na kumfungia ndani kumewashinda wengi. Ninaowajua walikubaliana hivi: afanye kazi ya nchi kavu, kuanika, kupima, kuuza pale soko la Mwaloni, asiingie majini, ameze prazikwanteli kila inapotolewa, akijikata kwa wavu au kisu akiwa kwenye warfarini, akandamize kidonda na arudi mjini asubuhi hiyohiyo. Tarehe ya ultrasaundi ipangwe wakati wa mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawavuliwi na kambi imelala.